Figo mpya, moyo uleule: Kwa nini pumzi bado inakata baada ya kupandikizwa figo

Juni 16, 2008, mjini Klagenfurt, Austria. Kroatia inacheza na Poland kwenye michuano ya Euro. Dakika ya 53, mshambuliaji Ivan Klasnić anapachika bao pekee la mchezo.

Bao lenyewe halikuwa la ajabu sana. Ajabu ilikuwa mfungaji: alikuwa anacheza na figo ya baba yake tumboni.

Mwanzoni mwa 2007 figo za Klasnić zilikuwa zimeshindwa kazi. Akapandikizwa figo ya mama yake, mwili ukaikataa. Machi mwaka huohuo akapandikizwa ya baba yake, na safari hii ikakubali. Baada ya Euro akaendelea na soka hadi Ligi Kuu ya England, akiwa na Bolton Wanderers.

Stori kama hii inatia moyo, lakini inaweza pia kumpotosha mtu. Wapo wanaotoka hospitali wakiamini kwamba figo ikishaanza kazi, na nguvu zote zinarudi zenyewe. Miezi inapita, vipimo vya figo vinasoma vizuri, halafu mtu anapanda ngazi za ghorofa mbili tu, pumzi inakata na miguu inatetemeka.

Hapo ndipo hofu inaingia. Je, figo inakataliwa? Mara nyingi jibu ni hapana. Figo iko sawa. Kilichobaki nyuma ni moyo, mishipa ya damu na misuli.

Na hili si jambo dogo. Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu ni miongoni mwa sababu kuu za vifo kwa watu waliopandikizwa figo. Wengine hufariki wakati figo waliyopewa na ndugu yao bado inachuja damu vizuri kabisa.

Kwa nini suala hili linatuhusu

Kwa miaka mingi, Mtanzania aliyehitaji figo alilazimika kupandishwa ndege, mara nyingi kwenda India. Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India. Mwaka uliofuata, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma nayo ikaanza.

Maana yake ni kwamba leo wapo watu tunaokaa nao mtaani, tunaopanda nao daladala na kufanya nao kazi ofisi moja, ambao wanaishi na figo ya dada, kaka au mzazi. Upasuaji umepita. Swali lao sasa ni la kila siku: nifanye mazoezi au nijitunze tu nisije nikaiharibu?

Moyo huumia kabla ya upasuaji

Ili kuelewa, inabidi kurudi nyuma, kwenye miaka ambayo figo zilikuwa zinakufa polepole.

Figo zikishindwa kutoa maji na chumvi, presha inapanda. Moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu zaidi kila pigo. Na moyo ni msuli. Kama mkono wa mtu anayebeba zege kila siku, msuli unaofanya kazi nzito unanenepa. Tofauti ni kwamba moyo ukinenepa hivyo hauwi bora. Chumba chake cha kushoto kinakuwa kigumu, kinashindwa kulegea na kujaa damu vizuri.

Figo pia hutengeneza homoni inayoamuru mifupa kuzalisha chembe nyekundu za damu. Figo zikifa, homoni hiyo inapungua na mtu anaishiwa damu. Damu ikiwa kidogo, oksijeni inayobebwa nayo ni kidogo, hivyo moyo unapiga haraka zaidi ili kufidia.

Kuna na suala la fosfeti na kalsiamu. Figo mbovu hazimudu kuweka madini hayo kwenye uwiano, na baada ya muda kalsiamu inaganda kwenye kuta za mishipa. Mshipa uliotakiwa kutanuka kama mpira unakuwa mgumu kama bomba.

Ongeza hapo dialisisi: kwa wengi ni mara 3 kwa wiki, takribani saa 4 kila mara, mtu amelala au amekaa kwenye kiti. Akirudi nyumbani amechoka, analala. Misuli ya mapaja na miguu inapungua.

Kwa hiyo siku mtu anapoingia chumba cha upasuaji, kinachobadilishwa ni figo tu. Moyo ni uleule. Mishipa ni ileile. Misuli ni ileile.

Pumzi inapimwaje?

Madaktari wana kipimo kinachoitwa VO2max. Kwa lugha rahisi, ni kiwango cha juu kabisa cha oksijeni ambacho mwili unaweza kukitumia kwa dakika moja mtu akiwa anajituma hadi mwisho wa uwezo wake. Unapanda baiskeli ya mazoezi au unatembea kwenye mashine, umevaa barakoa inayopima hewa unayoingiza na kutoa, na mzigo unaongezwa taratibu.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinaangalia mnyororo mzima. Mapafu yanaingiza oksijeni, damu inaibeba, moyo unaisukuma, misuli inaitumia. Kiungo kimoja kikiwa dhaifu, namba inashuka.

Utafiti ulionesha nini

Mwaka 2020, jarida la kitabibu la JAMA Cardiology lilichapisha utafiti uliofanyika Uingereza kwa watu 253. Waligawanywa makundi matatu: waliopandikizwa figo, wenye figo zilizoshindwa ambao bado walikuwa wanasubiri, na watu wenye presha ya kupanda lakini hawana ugonjwa wa figo.

Kabla ya upasuaji, kundi la waliopandikizwa lilikuwa na wastani wa VO2max wa 20.7, yaani mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito kwa dakika. Baada ya miezi 12 ulipanda hadi 22.5. Walioendelea kusubiri, namba yao ilishuka kutoka 18.9 hadi 17.7.

Kwa hiyo figo mpya inasaidia, hilo halina ubishi. Lakini wale wenye presha tu, ambao nao si wazima kabisa, walikuwa kwenye 26.0 mwishoni mwa mwaka. Waliopandikizwa hawakuwafikia.

Kuna jambo jingine. Nguvu ya moyo kusukuma damu iliongezeka baada ya upandikizaji, ila unene wa msuli wa moyo haukupungua kwa kiwango cha kutosha kusema umerudi kawaida. Alama za miaka ya ugonjwa zilibaki.

Ukisoma haraka unaweza kukata tamaa. Ukisoma taratibu, kuna habari njema: figo inafungua mlango, lakini kuingia ndani ni kazi ya mwenye mwili.

Dawa nazo zina mchango wake

Mtu aliyepandikizwa anameza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, maisha yote ya figo hiyo. Bila hizo, figo inapotea. Hapo hakuna mjadala.

Lakini dawa hizohizo zina gharama kwa moyo. Takrolimusi na siklosporini zinaweza kupandisha presha. Takrolimusi inaweza pia kupandisha sukari, kiasi kwamba mtu ambaye hakuwa na kisukari anakipata baada ya upandikizaji. Prednisoloni inaongeza hamu ya kula, inapandisha sukari, na ikitumika kwa muda mrefu inapunguza nguvu ya misuli na uimara wa mifupa. Baadhi ya dawa za kundi hili zinapandisha lehemu, yaani mafuta kwenye damu.

Halafu kuna furaha ya kula. Mtu aliyezuiwa ndizi, maharage na hata maji kwa miaka, siku anaruhusiwa, anakula kweli. Ndugu nao wanampakulia: "Kula mwanangu, umepona." Uzito unapanda haraka miezi ya mwanzo, na uzito huo mwingi ni mafuta. Misuli haijaongezeka.

Hizo ndizo sababu kliniki inapima presha, sukari na lehemu kila mara, na wengi wanapewa dawa za presha na za kushusha lehemu juu ya zile za kulinda figo. Kuacha dawa kwa sababu "najisikia fiti" ni kosa linaloweza kugharimu figo yenyewe. Kama dawa inakusumbua, mwambie daktari akubadilishie au apunguze kipimo. Usijiamulie.

Misuli hairudi yenyewe

Figo mpya ikianza kazi, damu inaongezeka, sumu zinapungua, maji yaliyozidi yanatoka. Haya yanatokea bila wewe kufanya lolote zaidi ya kumeza dawa. Msuli hauko hivyo. Usipoutumia, haujengeki, hata ule nini.

Mwaka 2002 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio kwa watu waliopandikizwa figo. Wakiwa na mwezi mmoja tu tangu upasuaji, kundi moja lilipangiwa mazoezi ya kufanya nyumbani, jingine likaendelea na huduma ya kawaida ya kliniki. Baada ya mwaka, watu 97 walikuwa wamemaliza vipimo. Waliofanya mazoezi walikuwa na pumzi zaidi na misuli yenye nguvu zaidi.

Zingatia hapo: mazoezi ya nyumbani. Hakukuwa na jimu ya kulipia.

Lakini uchambuzi wa baadaye wa watu haohao ulionesha kwamba mazoezi peke yake hayakutosha kupunguza hatari ya jumla ya ugonjwa wa moyo. Presha, lehemu, sigara, sukari na uzito vilihitaji kushughulikiwa pia. Mazoezi ni mguu mmoja wa meza. Ukikata mingine, meza haisimami.

Uanze lini, uanze vipi?

Kutembea huanza mapema sana, hata ukiwa bado wodini, kwa maelekezo ya wauguzi. Kunyanyua vitu vizito ndiko kunakosubiri. Kwa kawaida unaambiwa usinyanyue ndoo ya maji, gunia au hata mtoto kwa wiki 6 hadi 8, ili misuli ya tumbo iliyokatwa ishikane vizuri. Timu yako ndiyo inayojua kidonda chako, kwa hiyo ruhusa inatoka kwao.

Baada ya hapo, mpango wa kawaida ni huu:

• Anza na dakika 5 hadi 10 za kutembea, mara 2 au 3 kwa siku. Ukizoea, ongeza dakika chache kila wiki.

• Tumia kipimo cha mazungumzo. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini huwezi kuimba, mwendo wako ni wa kati, ndio unaotakiwa. Ukishindwa kuongea, punguza.

• Lengo la mbele ni lile la Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi. Kiwango cha chini hapo ni sawa na nusu saa kwa siku, siku 5.

• Siku 2 kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika kitu, kaa tena, mara 10. Sukuma ukuta kwa mikono. Chupa za maji zinatosha kuwa vyuma vya kuanzia.

• Usisimame ghafla. Maliza kwa dakika 5 za mwendo wa polepole.

Kwa joto la Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, chagua alfajiri au jioni. Figo mpya haipendi ukosefu wa maji. Ukitoka jasho jingi bila kunywa, kipimo cha kriatinini kinaweza kupanda. Kunywa kiasi ulichoelekezwa, na beba chupa yako. Vaa kofia na mikono mirefu, kwa sababu dawa za kushusha kinga zinaongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Michezo ya kuangalia mara mbili

Figo iliyopandikizwa haikai mgongoni kama zile za kuzaliwa nazo. Kwa kawaida inawekwa mbele, chini ya tumbo karibu na nyonga, ambako hakuna mbavu za kuikinga. Teke au kiwiko kikifika hapo, kinafika kwenye figo.

Ndiyo maana ndondi, karate za kupigana na raga hushauriwa ziachwe. Soka la kugombania mpira nalo lina hatari. Klasnić alicheza akiwa na kinga maalumu ya kufunika figo, chini ya uangalizi wa madaktari. Kijana anayetaka kurudi kwenye ndondo ya mtaani azungumze kwanza na daktari wake.

Kuogelea ni kuzuri, kidonda kikishapona na mirija yote ikishatolewa, ila kwenye maji safi. Bwawa lenye maji yaliyosimama si mahali pa mtu aliyeshushwa kinga.

Wenye fistula mkononi, yaani ule mshipa uliounganishwa kwa ajili ya dialisisi, wanaweza kufanya mazoezi, lakini mkono huo usipimwe presha wala kubanwa na uzito. Fistula kubwa inaongezea moyo kazi, kwa hiyo ni vizuri kuuliza kliniki kama bado inahitajika.

Simama hapohapo ukiona hivi

Acha mazoezi na utafute msaada wa haraka ukipata:

• Maumivu au kubanwa kifua, hasa yakienda begani, shingoni au mkononi

• Kizunguzungu kikali au kutaka kuzimia

• Moyo kwenda mbio au kuruka mapigo hata baada ya kupumzika

• Pumzi kukata ukiwa umekaa au umelala

Na piga simu kliniki siku hiyohiyo ukiona mkojo umepungua, miguu imevimba, uzito umepanda kilo kadhaa kwa siku chache, una homa, au panauma ilipo figo mpya. Hizo zinaweza kuwa dalili za figo kukataliwa au za maambukizi.

Jambo jingine ni maumivu ya misuli. Ukiumwa baada ya mazoezi, usikimbilie duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni. Dawa za kundi hilo zinaweza kuumiza figo. Dawa za mitishamba nazo ni hivyohivyo. Nyingine zinagongana na takrolimusi, sawa na tunda la balungi.

Namba za kuzijua kichwani

Anayeishi na figo mpya anakariri kriatinini yake kama namba ya simu. Aongeze na hizi:

• Presha: miongozo ya kimataifa inalenga chini ya 130/80 kwa mtu mzima aliyepandikizwa figo, kama anaivumilia.

• Sukari na lehemu: ziulizie kila zinapopimwa, uandike.

• Uzito: pima asubuhi, mzani uleule.

• Chumvi: chini ya gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Hiyo inahesabu na chumvi iliyomo kwenye chipsi na soseji.

• Sigara: sifuri.

Wawili, mwisho tofauti

Jonah Lomu, nyota wa raga wa New Zealand, alipandikizwa figo mwaka 2004 na kurudi uwanjani. Mwaka 2011 figo hiyo iliacha kufanya kazi, akarudi kwenye dialisisi. Novemba 18, 2015 alifariki ghafla akiwa na miaka 40, na mshtuko wa moyo ukatajwa kuwa chanzo.

Klasnić naye figo ya baba yake haikudumu milele. Baada ya kustaafu soka alipandikizwa tena mwaka 2017.

Hawa walikuwa wanamichezo wa kulipwa, wenye madaktari kila siku. Kama mioyo na figo zao zilihitaji kuangaliwa hivyo, ya mtu wa kawaida haiwezi kuachwa ijiangalie yenyewe.

Kwa familia, kazi ipo pia. Mgonjwa akirudi nyumbani, ile huruma ya "pumzika, tutakufanyia" isizidi kipimo. Mwache afue nguo zake zikiwa chache. Mwache aende dukani kwa miguu. Na kama ni ndugu yako aliyekupa figo, mwombe mtoke wote jioni mzunguke mtaa mara moja. Aliyetoa figo naye anashauriwa kulinda presha na uzito wake maisha yote.

Kwenye kliniki ijayo, baada ya kuuliza kriatinini, ongeza maswali mawili tu: moyo wangu ukoje, na niruhusiwe mazoezi gani?